Je, tumpe mwekezaji wa kigeni ekari zetu 200?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa kikundi cha wakulima 43 hapa Alego, Siaya. Kampuni moja ya ng'ambo imetujia kupitia kwa wazee wa kijiji. Inataka tuunganishe mashamba yetu yafike ekari 200, tuikodishie kwa miaka 33. Wanasema watalima mtama na alizeti, watajenga kiwanda cha kukamua mafuta na kuajiri watu 300. Vijana wanataka tutie sahihi kesho. Wazee wanasema ni mkoloni amerudi akiwa amevaa suti mpya. Redioni nako kila siku tunaambiwa uwekezaji kutoka nje ndio utakaotuokoa. Ni kweli? Na ungekuwa wewe, ungetia sahihi?

JIBU: Mwalimu, nianzie mwisho, maana najua ndiko roho yako iliko. Ningekuwa katibu wa kikundi hicho nisingetia sahihi mwezi huu, na mwezi ujao ningekuwa bado nasoma. Ipo sababu moja ya kisheria inayozidi uzito nyingine zote, nitaifikia. Lakini umeuliza pia kama hiyo habari ya redioni ni kweli, na hilo linataka chai na nafasi.

Tuondoe kwanza mkanganyiko. Pesa za kigeni zinaingia nchini kwa milango mingi. Reli ya kisasa iliyofika upande wa Naivasha mwaka 2019 ilijengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Hilo ni deni, na mlipa kodi atalilipa hata treni ikipita tupu. Mtu aliyeko London anayenunua hisa chache za Safaricom leo akaziuza wiki ijayo, huyo naye ni mpita njia. Uwekezaji wa moja kwa moja ni pale mgeni anapomiliki biashara hapa na kuwa na sauti katika kuiendesha. Wanatakwimu wa dunia wamekubaliana kwamba sauti hiyo inaanzia asilimia 10 ya kura za wenye hisa. Biashara ikianguka, hasara ni yake, yeye hatudai wala sisi hatumdai. Ndiyo maana wachumi wengi, nami nimo, tunaupenda kuliko mkopo. Ndiyo maana pia mwenyewe anatazamia faida kubwa kuliko riba ya benki, na mtu asikudanganye kwamba amekuja kwa huruma.

Sasa ukubwa wake. Mwaka 2023 shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, liliweka uwekezaji wa aina hii ulioingia Kenya kuwa takriban dola bilioni 1.5. Mwaka huo huo Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani dola bilioni 4.19, kwa hesabu ya Benki Kuu. Maana yake ni kwamba mpwa wako muuguzi aliyeko Marekani, pamoja na wenzake, walileta karibu mara tatu ya wawekezaji wote kwa jumla, na sijasikia gavana aliyempokea mpwa wa mtu uwanja wa ndege wa Kisumu kwa ngoma. Najua pesa hizo hazifanyi kazi moja. Za mpwa zinalipa karo, hospitali na mabati. Za mwekezaji, mambo yakienda vizuri, zinakuja na mashine, ujuzi na mnunuzi wa nje, vitu ambavyo havitumwi kwa M-Pesa. Ila neno "kuokoa" ni kubwa mno kwa mzigo wa kiasi hicho.

Wazee wenu wanauliza huyu mgeni ni nani. Mimi nimezoea kuuliza nini kitamshikilia hapa. Nikueleze nilikojifunzia swali hilo.

Rika letu tunazikumbuka betri za paka, zile za Eveready. Zilitengenezwa hapa Nakuru ninakoishi, katika kiwanda kilichoanzishwa na Union Carbide ya Marekani mwaka 1967. Kwa karibu nusu karne tochi ya mlinzi wa Kisumu na redio ya mzee wa Busia ziliendeshwa na betri iliyotoka hapa. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Soko lilikuwa limefurika betri rahisi kutoka nje, nyingine bandia, na kampuni ikaona ni nafuu kuleta betri zilizotengenezwa Misri. Misri na sisi tumo pamoja katika eneo huru la biashara la COMESA tangu mwaka 2000, kwa hiyo hata ushuru wa forodha haukusimama mlangoni. Kinachonifikirisha zaidi ni kwamba kufikia wakati huo kampuni haikuwa tena ya Wamarekani kama ilivyozaliwa. Ilikuwa imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi tangu 2006, na Wakenya wa kawaida walikuwa na vyeti vya hisa zake kabatini. Umiliki ulikuja nyumbani na mashine zikanyamaza vilevile.

Ndani ya betri ile hakukuwa na kitu kilichochimbwa Nakuru. Hakukuwa na mkulima wa Njoro aliyepeleka gunia langoni. Kilichokishikilia kiwanda kwenye mji huu ni ukuta wa ushuru, na ukuta wa ushuru hubomolewa kwa kalamu.

Ukitoka mjini hapo ukapanda ukingo wa Menengai unaona kinyume chake. Ndani ya ile kasoko kuna mvuke, na mvuke haupakiwi kwenye kontena. Kampuni ya serikali, GDC, ndiyo iliyochimba visima, kisha kampuni tatu binafsi zikapewa nafasi ya kujenga mitambo ya umeme ya megawati 35 kila moja: Sosian ya hapa nyumbani, ambayo mtambo wake ulianza kazi 2023, Globeleq ya Uingereza, na OrPower 22 iliyo chini ya Kaishan ya China. Kule Olkaria kampuni ya Ormat ya Marekani inazalisha umeme tangu 2000 na imeongeza mitambo hadi kufika megawati 150. Hao hawawezi kuamka asubuhi wakahamia Misri.

Lakini usije ukadhani nawasifu tu. Kisima kimoja cha mvuke kinameza mamia ya mamilioni ya shilingi na kinaweza kutoka kikavu. Hatari hiyo kubwa ya Menengai ilibebwa na umma. Mwekezaji aliingia mvuke ukiwa tayari umepimwa. Labda bila hivyo asingekuja kabisa, hilo nakubali, lakini aliyepika nusu ya chakula ana haki ya kukaa mezani wakati bei ya umeme inapojadiliwa. Likumbuke, maana nanyi kuna kitu mnakiweka mezani kabla ya mgeni kutoa shilingi moja.

Tuje kwenye mtama, maana huo mnaujua kunizidi. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilikuwa kimelala miaka mingi kabla ya EABL, kampuni kubwa ya bia, kutangaza mwaka 2017 kwamba inakifufua kwa mradi wa shilingi bilioni 15. Kilianza kazi 2019. EABL inaorodheshwa Nairobi, lakini sauti kubwa ilikuwa ya Diageo ya Uingereza, ambayo mwaka 2023 iliongeza hisa zake hadi asilimia 65. Hapo kuna uwekezaji wa kigeni wa aina ninayoipenda, na sababu ni gunia. Bia ya Senator ya pipa inapikwa kwa mtama, ule mweupe wa gadam, na mtama huo hulimwa Siaya, Homa Bay, Busia na kwingineko. Mkulima halazimiki kuajiriwa na mtu. Anabaki na shamba lake, anauza nafaka. Yule anayekusanya ana faida yake, mwenye lori ana yake, kijana mwenye kipimo cha unyevu langoni ana kazi. Niliwahi kukaa siku nzima kwenye ghala moja la ukusanyaji upande wa Busia nikiangalia kipimo hicho kikichomekwa kwenye magunia. Mama mmoja gunia lake lilikataliwa kwa unyevu. Hakulia wala hakugomba. Alikunja leso, akaanua turubai la jirani, akamwaga mtama juani pale pale uani, akakaa kando yake na fimbo ya kufukuza kuku. Saa tisa alasiri ulipita. Mwaka uliofuata, nilivyoambiwa, kikundi chao kizima kilikuwa na maturubai. Ujuzi huingia kijijini hivyo, kwa aibu ndogo ya langoni, na huo haurudi Uingereza na gawio.

Uzuri huo una mshipa wake dhaifu. Senator ilizinduliwa 2004 ikiwa na msamaha wa ushuru wa bidhaa, serikali ikitaka watu waache chang'aa. Mwaka 2013 serikali ikaondoa nusu ya msamaha. Bei ya bilauri ikapanda, walevi wakarudi kwenye chang'aa, mauzo yakaporomoka, na kampuni ikapunguza kununua mtama. Wakulima waliokuwa wamepanda kwa kuamini mkataba walibaki na nafaka ambayo jirani hali kwa wingi huo. Baadaye msamaha ukarudishwa kwa sehemu kubwa, lakini mkulima aliyeuza ng'ombe kulipa mkopo wa mbegu hakurudishiwa ng'ombe. Katika kisa hicho mgeni hakumdhulumu mtu. Ni sisi wenyewe, Nairobi, tuliobadilisha sheria katikati ya msimu. Nikisikia watu wakisema nchi maskini inahitaji wawekezaji, huwa nasema inahitaji kwanza Wizara ya Fedha inayokaa na neno lake miaka kumi.

Kuna sura nyingine ambayo wazee wenu wanaihisi bila kuiona, na mimi niliiona kwa macho. Kabla sijarudi chuoni nilikuwa karani wa hesabu katika shamba moja la maua Naivasha, la wenyewe wa ng'ambo, jina nalihifadhi. Kazi yangu ilikuwa kuandaa ankara za waridi. Maua yalikatwa alfajiri, yakapangwa kwa urefu wa bua, sentimita 40, 50, 60, yakafungwa mabua ishirini ishirini, yakaingia chumba baridi, usiku lori likaelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mnunuzi kwenye ankara zangu alikuwa mmoja tu: kampuni ya Ulaya yenye jina linalofanana na letu. Bei ya bua ilikuwa ile ile Januari, ile ile Agosti, na ile ile wiki ya Valentine, wakati dunia nzima inapigania waridi. Nilimuuliza bosi wangu kwa nini Februari hatupandishi. Akacheka, akaniambia niandike ninachoambiwa. Ilinichukua mwaka kuelewa. Shamba la Naivasha lilikuwa linauza kwa ndugu yake kwa bei ya chini, na ndugu yake ndiye aliyeuza kwa bei ya kweli. Faida ilizaliwa kwetu lakini cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa kwingine. Kwenye vitabu vya Kenya tulikuwa tunapata hasara ndogo kila mwaka, na mwenye hasara halipi kodi ya mapato.

Huo mchezo si siri tena. Karuturi ya India ilinunua shamba kubwa la maua hapo hapo Naivasha mwaka 2007, na kufikia 2013 Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilikuwa inaiandama kwa madai ya kuhamisha faida kwa njia hiyo ya bei za kindugu. Mwaka uliofuata shamba likawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai. Kodi ya kampuni kwa kawaida ni asilimia 30 ya faida. Aliye katika ukanda maalumu wa kiuchumi, chini ya sheria ya 2015, analipa 10 kwa miaka kumi ya kwanza na 15 kwa kumi inayofuata. Asilimia yoyote ya hasara ni sufuri. Kwa hiyo mtu akiwaambia jukwaani kwamba kampuni "italipa kodi nyingi", mwulize itauza kwa nani na nani anapanga bei.

Lakini haki nayo isemwe. Katika shamba lile lile nilipoandika ankara za uongo, kijana mmoja kutoka Vihiga aliajiriwa kuziba mabomba ya umwagiliaji wa matone. Leo ana duka Bahati, anafunga mifumo hiyo kwa wakulima wa nyanya na kabichi, na ana mafundi wanne chini yake. Wenye shamba hawakukusudia kumfundisha, wala hakuna mahali kwenye vitabu vyao faida hiyo imeandikwa. Ukinilazimisha niweke kwenye mizani kodi tuliyonyimwa na mafundi tuliowapata, nitakuambia inategemea kama mafundi waliruhusiwa kushika mashine au walifagia tu. Nimeona mashamba ya kila aina.

Webuye sitaichambua sana, wengi wenu mlipita pale mkafunga madirisha ya matatu. Kiwanda cha karatasi kilianza 1974, ubia wa serikali, kampuni ya Birla ya India na IFC ya Benki ya Dunia. Moshi wake ulikula mabati ya watu, nacho kikawalisha watu hao hao, hadi kilipofungwa 2009. Mji ulikuwa na mwajiri mmoja, basi nyumba za kupanga zikabaki na popo. Mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900. Na Kericho, Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mwaka 2022, kisha mashamba yakaishia kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka 2023 ilikuwa imeshachukua pia yale ya James Finlay. Mamilioni ya dola yalihama mifuko bila mche mmoja mpya kupandwa. Mei 2023 wakazi wenye hasira walichoma mashine za kuchumia chai kwa kuwa walijua zinachukua nafasi ya nani.

Mashine hizo zinanirudisha kwenye barua yako, pale uliposema watu 300. Mwalimu, chukua kalamu. Waridi huajiri watu wengi kwa kila ekari kwa sababu kila bua hukatwa kwa mkono. Mtama na alizeti kwenye shamba moja la ekari 200 hulimwa kwa trekta na kuvunwa kwa mashine ya kuvuna na kupura. Watu kumi na tano wanatosha mwaka mzima, na vibarua wachache wiki za palizi na za kufukuza ndege. Hao 300 watatoka wapi? Tena hesabu kiwanda. Tuseme, kwa ukarimu, ekari zote 200 zinapandwa alizeti na kila moja inatoa kilo 600. Hiyo ni tani 120. Kinu kidogo cha kukamua tani 10 kwa siku kitamaliza mavuno yote siku ya kumi na mbili, kisha kilale hadi msimu ujao. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayejenga kiwanda cha kufanya kazi siku kumi na mbili kwa msimu.

Basi mambo ni mawili. Huenda kiwanda ni maneno ya kupamba. Au ni cha kweli, na kama ni cha kweli kinahitaji alizeti ya maelfu ya ekari, yaani kinawahitaji ninyi na majirani zenu kama wakulima wa kuuza mbegu. Mwenye haja ya mbegu zenu ana haja gani na mashamba yenu? Jibu mojawapo, nimeliona mara mbili, ni benki. Hati ya kukodi ardhi miaka 33 inaweza kuwekwa rehani. Kampuni ikikopa juu yake ikafilisika, anayekuja kuzungumza nanyi ni wakala wa mnada.

Sasa ile sababu ya kisheria. Mimi ni mchumi, wakili mtamtafuta, lakini mambo haya yameandikwa wazi. Katiba, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na kampuni inahesabiwa ya raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Hiyo ndiyo sehemu watu wanayoijua, na ndiyo atakayowasomea. Asiyowasomea ni Sheria ya Usimamizi wa Ardhi, sura ya 302. Chini yake, mashamba ya kilimo katika maeneo yanayosimamiwa hayakodishwi wala kuuzwa bila idhini ya bodi ya ardhi, na bodi imeagizwa kukataa ikiwa anayepokea ni mtu asiye raia au kampuni binafsi ambayo wanachama wake si raia wote. Njia ya kupita hapo ni msamaha wa Rais unaochapishwa rasmi. Idhini isipopatikana, mkataba ni batili, na pesa alizowalipa anaweza kuzidai kama deni la kawaida. Someni hapo mara mbili. Mnaweza kula kodi ya miaka miwili, mkajenga nayo, kisha mkaambiwa mrudishe.

Mwekezaji mzoefu analijua hilo, kwa hiyo hutafuta mshirika wa hapa wa kuwa uso wa kampuni. Mara nyingine ni ubia halali. Mara nyingine ni mpwa wa mheshimiwa aliyeazimwa jina. Jinsi ya kutofautisha ni rahisi: ombeni CR12 ya kampuni, ile karatasi ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Inapatikana kwa eCitizen kwa ada ndogo. Msingoje awaletee yeye, itoeni wenyewe. Mwulizeni pia kama ana cheti cha uwekezaji cha KenInvest, mamlaka ya serikali ya uwekezaji, ambacho kwa sheria ya 2004 mgeni anayekiomba anatakiwa awe analeta angalau dola 100,000.

Mnaijua historia ya Dominion kule kinamasi cha Yala kuliko mimi. Iliingia 2003 kutoka Marekani, ikakodi kwa miaka 25 takriban hekta 6,900 kutoka kwa halmashauri za wakati huo, ikajenga mitaro na kupanda mpunga, majirani wakalalamika maji, na ikaondoka kabla miaka hiyo haijaisha. Waulizeni wazee waliokuwa pale jambo moja tu: tingatinga zilipoondoka, kuna aliyebaki anajua kulima mpunga kwa faida bila mzungu? Jibu lao lina thamani kuliko makala yangu.

Ningekuwa mezani na mgeni wenu ningemwambia hivi. Shamba linabaki kwa majina yetu. Tutakulimia alizeti na mtama kwa mkataba wa misimu mitano, bei ya chini ikiwa imeandikwa, na kama bei ya soko ikiizidi, tugawane ziada. Mbegu na mbolea utatukopesha, utakata kwenye malipo, na mizani itakaguliwa na mtu wetu. Ekari kumi kwa kiwanda na shamba la mfano utazipata kupitia ubia ulio safi mbele ya bodi, na mkataba huo utakataza kuziweka rehani bila kura ya wanachama. Vijana wanne wa hapa watashika mashine, siyo ufagio, kuanzia siku zinapofungwa. Kodi ya ekari kumi itapanda kila miaka mitatu. Ukikaa misimu miwili bila kulima, ardhi inarudi bila kesi.

Akikataa yote hayo ndani ya dakika tano, mmeokoa miaka 33 kwa bei ya chai. Akianza kubishana juu ya bei ya kilo, huyo ana kiwanda kichwani, zungumzeni naye hadi usiku. Vijana wenu watasema mnamfukuza mwekezaji. Waambieni kwamba tangu 1964 kuna sheria inayomhakikishia mgeni haki ya kutoa faida yake nchini, kwa hiyo yeye ameshalindwa. Wasiolindwa kwenye karatasi hiyo ni wakulima 43.

Mkutano wenu ukifika, wake na waume wote wenye mashamba wawepo, maana bodi itawauliza wenzi wa ndoa. Weka CR12 kwenye faili kabla ya sala ya kufungua. Kisha mwulize mgeni, mbele ya watu, kinu chake ni cha tani ngapi kwa siku. Akijibu bila kupiga simu, mpe kiti.